Bua la Mtama Lenye Waya

Midia, Koboko
11 Februari 2024

Ivan mdogo wangu,

Nakusalimia nikiwa nimekalia kinu kilicholazwa, Kamisi yuko mgongoni amelala, kwa hiyo mwandiko ukienda upande usicheke. Sisi tuko. Kamisi ameota meno mawili na ananiuma akinyonya. Muhogo mwaka huu umeingiwa na ugonjwa, majani yamejikunja, lakini simsim tulipata. Jale bado anaendesha boda pale Koboko mjini, na mama yake bado ana nguvu kutuzidi wote. Mguu wa Mama vipi? Mwambie kitenge kilifika.

Utashangaa kuona barua. Simu yangu ilikufa, iliyobaki ni ya Jale, na nikiishika mama mkwe anasogeza kiti. Hii nimempa Stella Kiden, yule mama anayeleta simsim soko la Arua. Nijibu kupitia kwake, usipige.

Sasa neno lenyewe. Mwezi uliopita lile hema lenu jeusi lilikuja Koboko. Mimi nilikuwa msibani kwa jirani. Mama mkwe alisikia ni kazi yako, mjomba wa Shamim, akamchukua binti yangu wakaenda. Walirudi wanaimba. Anasema Shamim alisugua kijiti kama watu wa zamani, ukuta ukaonyesha damu yake, halafu hema zima likawa jeupe na watu wakapiga vigelegele. Kesho yake alichukua mkebe wa vidonge vya Shamim akauchomeka juu kwenye nyasi za paa.

"Hii mutoto iko safi," alisema. "Mashine imeona mpaka ndani. Hii dawa ya kila siku ndiyo inamuchokesha."

Wewe unajua Shamim ana sikoseli, ule ugonjwa wa damu. Tulikuwa pamoja hapo Arua siku daktari aliponisomea karatasi, mtoto akiwa na mwaka mmoja, na sasa ana sita. Vidonge ni kila siku, hakuna siku ya kupumzika. Nimemwambia Jale. Anasema tungoje kidogo, tuone.

Mimi sitaki kuona. Niandikie kwa maneno mepesi hiyo mashine ni kitu gani, nimsomee. Yeye anakuheshimu.

Dada yako,
Pasca

* * *

Arua
2 Machi 2024

Dada Pasca,

Barua yako ilifika inanuka simsim, Mama akainusa kwanza ndipo akanipa. Mguu wake umepungua kuvimba, anakwenda kanisani akishika ukuta na kugombana na fimbo. Anasema Kamisi akikuuma umpe mfupa wa kuku autafune, ndivyo alivyonifanyia mimi. Jua ni kali, vumbi la barabara limeingia mpaka kwenye sukari.

Nimefurahi kwamba hema liliwagusa watu wa Koboko. Nikuelezee. Unaingia, mbele yako kuna bua la mtama, kama lile la babu. Unakumbuka: watu wanakuja kuuliza nani ameleta ugonjwa nyumbani, babu anasugua bua kwa vidole viwili huku anataja majina, na jina ambalo vidole vinakwamia ndilo jibu. La kwetu lina waya ndani. Linasikia jasho na mapigo ya vidole vyako. Ukutani chembe za damu zinapita kama mto, kila moja kubwa kama sahani, na sauti ya babu, ile niliyoirekodi kabla hajafa, inasimulia habari za Meme, mama wa kwanza, aliyebeba wanyama wote tumboni kabla ya kuzaa watu. Vidole vikikwama, mto unasimama. Chembe zikibaki duara hema linakuwa jeupe. Zikijikunja kama mundu linakuwa jekundu.

Haipimi mtu, dada. Kompyuta inapiga kete tu. Katika mara nne, tatu nyeupe na moja nyekundu, vile wazazi wawili wenye hiyo damu wanavyowagawia watoto wao ugonjwa. Tunataka mtu atoke akijiuliza: nani alichagua? Ni mwili, ni mababu, au ni bahati tu? Swali hilo ndilo kazi yetu sisi wasanii. Tumealikwa kulipeleka hema Kampala.

Siku ile ya Koboko watu walikuwa wengi mno, sikumbuki vizuri nani aliona nini. Mwambie Jale ni mchezo wa kumfanya mtu afikiri.

Nimetuma sabuni na daftari la Shamim.

Mdogo wako,
Ivan

* * *

Midia
24 Machi 2024

Ivan,

Mungu akulinde. Huku ni mwezi wa mfungo. Jale anafunga na mama yake anafunga, mimi nakoroga uji wa jioni mpaka mkono unakufa ganzi. Mvua moja imenyesha ikaondoka, kama mgeni aliyekosea nyumba. Sabuni imefika. Kwenye daftari Shamim amechora ng'ombe mwenye miguu sita. Nilimuuliza, akasema miwili ni ya akiba.

Nilimsomea Jale barua yako yote. Alisikiliza, hakunikatiza. Mwisho akauliza, "Kama ni kete, kijiti waliweka cha nini?"

Hata mimi nauliza, Ivan. Mngeweka kete, watu wangecheza kete. Mmeweka kijiti cha babu na sauti ya babu mwenyewe, halafu mnawaambia watu wasiamini.

Mkebe niliufikia. Vidonge nusu nimevitoa nikavificha kwenye mfuko wa maharage ya mbegu, namsagia kimoja kwenye uji wake. Ila mwezi huu mama mkwe ameamua kumlisha yeye mwenyewe, na siku nne uji haukupita mikononi mwangu. Siku ya tano mikono ya mtoto ilivimba kama mikate. Analia hataki kuguswa, hataki hata shuka. Jale alisema ni malaria. Tulilala kituo cha afya siku tatu wakimwekea maji ya mshipa. Muuguzi akaniuliza mbele ya watu, "Wewe mama, mtoto dawa unampa?" Mama mkwe alikuwa amesimama pale, ameshika chupa ya chai. Nilisema nilisahau.

Muuguzi alinigombeza kama mtoto wa shule, na alikuwa na haki, kwa vile alivyojua yeye.

Nakuuliza neno moja. Umeandika kwamba hukumbuki. Mama mkwe anasema Shamim alipotoka kwenye hema ulimbeba begani ukamzungusha mbele ya watu wote. Mtu hamsahau aliyembeba. Niambie.

Pasca

* * *

Arua
9 Mei 2024

Dada,

Mama anakusalimia, amepata miwani kanisani na sasa anaona uchafu wangu wote. Kiden amekuja mara tatu sokoni, na mara tatu nimemwambia arudi, bado sijamaliza kuandika. Nilikuwa sijaanza.

Nakumbuka.

Mimi hukaa nyuma ya pazia na kompyuta. Kuna kitufe kimoja tunachotumia wakati wa kujaribu mitambo, ukikibonyeza hema linakuwa jeupe hata kama kete zimesema vingine. Watu wakiwa ndani hatukigusi. Hilo tulikubaliana wote.

Nilimwona akiingia na bibi yake. Alikuwa amevaa gauni la njano. Bua liko juu kidogo kwa mtoto, akasimama kwa vidole vya miguu. Alisugua kwa nguvu kweli, ulimi nje, vile anavyofanya akichora. Vidole vikakwama. Kete zikaanguka, mimi naziona kabla ya ukuta kuonyesha. Ilikuwa nyekundu.

Najua ni kete. Mimi ndiye niliyeziandika kwenye kompyuta, namba kwa namba. Nawaeleza watu kila siku kwamba hazijui kitu. Lakini ilikuwa Shamim, na sikuweza kukaa hapo nikamwangalia. Nikabonyeza.

Halafu nikatoka nikambeba. Nilikuwa na furaha, dada. Kwa muda ule niliamini kama wao.

Barua ya kwanza nilikudanganya kwa sababu ya wenzangu, na safari ya Kampala, na aibu. Nakuja mwenyewe tarehe 19. Nitasimama mbele ya shemeji na mama yake niseme. Usiwaambie kabla.

Ivan

* * *

Midia
26 Mei 2024

Ivan,

Kiden ameniambia ulifika salama ingawa mlisukuma gari kwenye matope. Kamisi anatembea hatua mbili kisha anakaa, anajipigia makofi mwenyewe. Maharage yametoa maua.

Ulikuja kukiri kosa, wakakuchinjia kuku. Mpaka leo sijui nicheke au nilie. Uliposema, "Ni mimi nilibonyeza, ilikuwa nyekundu," moyo wangu ulitulia, nikajua yameisha. Nilimwona Jale amekunja uso, anafikiri. Ndipo mama mkwe akainuka na birika akaanza kukunawisha mikono.

"Kwani ule mzee yenu ya kijiti alijua nani anasukuma mukono yake? Wewe pia umesukumwa. Kula."

Ukala. Sikulaumu, maneno kama yale hayana mlango. Lakini tangu uondoke mambo yamezidi. Sasa anawaambia majirani kwamba nyeupe ya Shamim ina nguvu mara mbili, maana ugonjwa ulikuja kwenye ukuta kabisa na mjomba akaufukuza. Wanamletea watoto wao awashike kichwa. Shamim anawashika, anaona raha.

Na mfuko wa mbegu umefunguliwa, Jale alikwenda kutafuta maharage ya mwisho ya kupanda pembeni. Alinimwagia vidonge kwenye mkeka. Hakunipiga, hakupaza sauti. Ningependa angepaza. Alivipeleka chooni akarudi akasema, "Pasca, unamufundisha mutoto kuwa mugonjwa."

Siwezi kwenda Koboko kuchukua vingine bila yeye. Nilijaribu kwa miguu, mama mkwe akanifuata mpaka njia panda akaanza kulia kwa sauti kwamba natoroka na watoto. Watu wakatoka kwenye nyumba zao. Nikarudi.

Nimefikiri nikichota maji, nikifua, nikinyonyesha. Neno la daktari halikusikika. Karatasi haikusikika. Lako limegeuzwa likawa sifa. Langu usiulize. Hapa kinachosikika ni hema. Basi lirudishe. Shamim asugue tena mbele ya wote wawili, na itoke nyekundu.

Usiniandikie habari ya swali na kazi yenu. Ulimpa nyeupe isiyo yake kwa sababu unampenda. Mimi pia nampenda, nataka umpe nyekundu yake. Watakachonifanya nakijua, hicho niachie mimi.

Dada yako,
Pasca

* * *

Arua
21 Juni 2024

Dada Pasca,

Mama anakusalimia, mguu umerudi kuvimba na mvua. Barua hii ni ya pili. Ya kwanza niliandika kwamba siwezi, kwamba mtoto wa miaka sita hawekwi mbele ya kitu kama kile. Mama aliniambia nimsomee. Nikasoma. Akanyoosha mkono nikampa karatasi, akaichana, akaendelea kuchambua mboga.

Mwezi wa nane tunakwenda Kampala. Kabla ya hapo, tarehe 13 Julai, tutalisimamisha hema Koboko siku moja. Wenzangu nimewaambia watu wa huko wameomba. Sikuwaambia ni nani.

Siwezi kukaa nyuma ya pazia siku hiyo, najijua sasa. Angelo, mwenzangu, atabonyeza. Ametengeneza kitufe cha pili, cha nyekundu. Hakuuliza cha nini, na mimi sikumwangalia.

Nilifikiria nisugue mimi badala yake, damu ni moja. Kisha nikajua mama mkwe wako atasema ni yangu, siyo ya mtoto.

Nakuomba umweleze Shamim mapema kwamba ni mchezo. Kaa naye ndani, umshike.

Nimejaribu kuona mwisho wa jambo hili nikashindwa. Wewe unauona?

Ivan

* * *

Midia
4 Agosti 2024

Ivan mdogo wangu,

Naanza na yaliyo mazuri maana yapo. Maharage tumevuna magunia mawili. Kamisi anakimbia. Mwambie Mama nimepata dawa ya kuchua mguu kwa mwanamke mmoja wa mpakani, Kiden anayo.

Na Shamim anakunywa vidonge. Kila asubuhi, mbele ya watu wote. Mama mkwe ameufunga mkebe kwenye kona ya leso yake, hamwachii mtu, wala mimi. Jale alitupeleka mwenyewe kituo cha afya, akamuuliza muuguzi maswali mpaka akaniaibisha. Kamisi naye ametolewa damu ya kupima, majibu bado. Nilichokuomba nimekipata, usilale ukifikiri sikukipata.

Uliloogopa pia limekuja. Mama mkwe anasema kijiti ni cha watu wetu, mimi na wewe, kwa hiyo damu mbaya ni ya watu wetu. Daktari alisema tangu zamani kwamba inatoka kwa wawili, kwangu na kwa Jale, sawasawa. Lakini hilo mashine haikusema, basi halipo. Jale analala mjini siku nyingine. Wananitajia jina la mwanamke. Sijauliza.

Nilikuona siku ile umesimama nje, umeshika kamba ya hema kwa mikono miwili kama mtu anayezuia ng'ombe. Ya ndani hukuyaona, nikuambie.

Njiani nilimweleza, kama ulivyoomba. Nilisema ni mchezo wa mjomba, rangi tu.

"Na ile nyeupe?" akauliza.

"Ile pia mchezo."

Akafikiri. "Sasa Bibi aliimba kwa nini?"

Tuliingia wanne. Nilimshika mabega. Alisugua vizuri, hana wasiwasi, anacheka anavyosikia sauti ya babu akisema habari ya wanyama tumboni. Vidole vikakwama. Nyekundu ilikuja taratibu kuanzia chini, ikapanda kwenye miguu yetu. Jale alivua kofia. Mama mkwe alikaa chini kwenye vumbi, miguu mbele, kama msibani. Shamim hakuangalia ukuta hata kidogo. Alikuwa anaangalia uso wa bibi yake. Nilimwinamia nikamwambia, "Rangi tu, mwanangu," akasema, "Ndiyo, Mama," kama unavyomjibu mtu ambaye hutaki ahuzunike.

Watoto wa jirani hawaletwi tena kushikwa kichwa. Mama zao wanawaita nyumbani Shamim akitoka.

Kampala hainihusu, nakuombea safari njema. Sikukasirikii. Mimi ndiye niliyesema ilete. Nimekaa siku ishirini sijui nikuandikie nini, mpaka jana.

Jana nilikuwa natoa majivu, nikamsikia Shamim nyuma ya jiko. Alikuwa amechomoa bua kwenye ua wa kuku, amekaa nalo, anasugua kwa vidole viwili na kutaja majina, watoto wa jirani kwanza. "Duku." Bua likateleza. "Nyeupe." "Rashida. Nyeupe." "Kamisi. Nyeupe." Akataja baba yake. Akanitaja mimi. Akamtaja bibi yake, na wewe, na Mama wa Arua, na Kiden, na mwalimu, wote nyeupe, hana haraka, anampa kila mtu zamu yake. Akafika mwisho wa watu anaowajua. Mimi nimesimama na sinia la majivu, namngojea, maana limebaki jina moja.

Alilirudisha bua kwenye ua, akalisukuma mpaka likakaa sawa na mengine, akaenda kumwomba bibi yake kidonge.

Dada yako,
Pasca